Mnada wa Kiti cha Utulivu

Ninayo heshima na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Nyumba ya Wazee ya Karrabeen imetunukiwa Kombe la Utulivu, kwa kuwa ndiyo nyumba isiyo na kelele kuliko zote zinazoendeshwa na Shirika la Jioni Njema katika jimbo zima la Victoria. Ushindi huu haukuja kwa bahati. Umeletwa na uongozi thabiti, mikakati shirikishi, na mimi. Jina langu ni Gavin Teesdale, na cheo changu wakati huo kilikuwa Meneja wa Utulivu. Wapo wanaosema cheo hicho kilibuniwa ili nipate mahali pa kuegesha gari. Mahali pa kuegesha ninapo, hilo sikatai, tena pana kivuli.

Kwa faida ya wasiofahamu, nieleze jinsi utulivu unavyopimwa. Kwenye dari ya ukumbi wetu kumefungwa kipima-kelele, chombo cha kisasa chenye taa tatu. Taa ya kijani maana yake wazee wanahudumiwa vizuri. Ya njano maana yake kuna mtu anaongea. Nyekundu ikiwaka, basi kuna mtu anacheka. Kila siku namba zinapelekwa makao makuu Melbourne, na huko zinasomwa na watu ambao hawajawahi kufika Karrabeen, kwa hiyo hawana upendeleo wowote.

Zamani nyumba yetu ilikuwa aibu tupu. Bibi Effie Stavrou alikuwa akicheza karata na kutukana kwa Kigiriki kila akishindwa, na akishinda ndiyo anazidi. Lakini Bibi Effie alikuwa tatizo dogo. Tatizo lenyewe hasa lilikuwa Mzee Vern Haldane.

Mtu wa Karrabeen hahitaji kuambiwa Vern Haldane ni nani. Ndiye aliyekuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Alhamisi, pale nyuma ya reli, tangu mimi nikiwa mtoto. Alikuwa akitembea juu ya ubao uliopita juu ya mazizi, fimbo mkononi, kofia imefunika jicho moja, na wanunuzi wamejipanga chini. Kwenye mnada wetu mtu hanyooshi mkono kama mwanafunzi. Ukitaka ng'ombe, unakonyeza kidogo, au unagusa ukingo wa kofia, au unatikisa kidole, na Vern ameshakuona. Akisema "imeuzwa" na kugonga fimbo, mali ni yako na unaondoka nayo siku hiyo hiyo, hata kama ulikuwa unafukuza inzi. Na inzi wa Karrabeen wameshawanunulia watu ng'ombe wengi sana. Mchungaji wetu aliyepita alilazimika kufuga fahali nyuma ya kanisa kwa sababu ya inzi mmoja aliyemtua kwenye sikio. Hakulalamika, maana hapa kwetu fimbo ya Vern ikishagonga hakuna anayerudisha mali.

Alipozeeka akapata ugonjwa wa kusahau, na bintiye akamleta kwetu. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba mkewe, Bibi Maureen, alishafariki. Alisahau hata mwaka, jambo ambalo mimi pia hunipata kila Januari. Mnada tu ndio hakuusahau. Ilikuwa ikifika saa ya chai, yeye anasimama na kuanza kuuza: birika, mapazia, kigari cha kutembelea cha Bibi Effie, na siku moja kasisi aliyekuja kuwaombea wagonjwa. Kwa kuwa wazee wetu hawashiki fedha, bei zilitajwa kwa keki za lamington, zile za mraba zilizoviringishwa kwenye chokoleti na nazi. Watu wote ukumbini walikuwa wakishindana kukonyeza. Taa nyekundu iliwaka mpaka balbu ikaungua.

Isitoshe, jioni ilipoingia alikuwa akienda mlangoni na kusema, "Nataka kwenda nyumbani." Alitaka kuwalisha mbwa wake, ambao walishakufa siku nyingi.

Hapo ndipo nilipoufungua Mwongozo wa Utulivu, kitabu kilichoandikwa na Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Rupert Ainslie-Moffat, kwa mkono wake mwenyewe na kwa mkopo wa mawazo ya washauri kumi na wawili. Mwongozo unaeleza dalili za fadhaa kwa lugha nyepesi: kupaza sauti, kutembeatembea, kurudiarudia neno, kukataa kuketi, na kubwa kuliko zote, kusema "nataka kwenda nyumbani". Mzee Vern alikuwa nazo zote, tena kabla ya chakula cha jioni. Dawa yake, unasema Mwongozo, ni kidonge.

Nikampigia simu daktari tuliyekuwa naye wakati ule. Alikuwa kwenye uwanja wa gofu, lakini alinisikiliza kwa makini kati ya shimo moja na jingine, akaandika dawa bila kulazimika kumwona mgonjwa, jambo lililookoa muda wetu sote watatu. Ni kidonge wanachopewa watu wenye maradhi ya akili wanaosikia sauti zisizokuwepo. Mzee Vern hakuwa akisikia sauti yoyote. Sisi ndio tuliokuwa tukiisikia ya kwake. Hata hivyo tatizo la sauti lilikuwepo, na dawa ilikuwa ya sauti, kwa hiyo kitaalamu mambo yalikuwa yanalingana.

Matokeo yalizidi matarajio. Baada ya muda mfupi tu Mzee Vern aliacha kuuza. Kisha akaacha kutembea. Akawa anaketi karibu na dirisha, kichwa kimeinama, mdomo wazi, udenda unadondokea shati, vidole vimekakamaa mithili ya kuni. Siku moja akajaribu kuinuka kwenda chooni, akaanguka na kupasua paji la uso kwenye kigari cha chai. Kwenye taarifa yangu kwa makao makuu nilisisitiza kwamba alianguka bila kupiga kelele. Taa ilibaki ya kijani, na makao makuu yakanipongeza.

Mtu pekee ambaye hakuyafurahia mafanikio haya alikuwa bintiye, Joss Haldane. Joss anaendesha lori la kubebea maziwa, lile kubwa la tangi, na huingia ofisini kwangu na mabuti yake ya kazi bila kubisha hodi. Siku hiyo alikuwa ametoka kumfuta baba yake udenda kwa mkono wa shati lake mwenyewe.

"Gavin, baba yangu amekwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia yuko pale dirishani, ametulia.

"Hajatulia," akasema. "Amezimwa."

Nilimweleza taratibu kwamba neno tunalotumia kitaalamu ni kutulia. Yeye akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ile inayokuja ndani ya boksi la dawa, akaanza kunisomea. Kwamba wazee wenye ugonjwa wa kusahau wakipewa kidonge hiki hatari ya kupigwa na kiharusi inaongezeka. Kwamba wanaanguka, wanashindwa kumeza, wanakakamaa, na wengine wanakufa kabla ya wakati wao. Nikamjibu kwamba karatasi hizo huandikwa na wanasheria, watu wenye wasiwasi kupita kiasi, na kwamba nao wangefaidika na kidonge. Akaniuliza ni nani aliyemwomba ruhusa. Nikamkumbusha kwamba siku ya kumleta baba yake alitia sahihi.

"Nilitia sahihi akatwe nywele."

"Ilikuwa kwenye ukurasa huo huo," nikasema, maana huo ndio ukweli.

Akayatazama mabuti yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ambayo isingeweza kuwasha hata taa ya njano: "Sikuombi mambo makubwa. Najua ugonjwa wake hauponi. Nataka aniite jina langu mara moja tu kabla hajafa. Hiki kidonge kitamuua hajaniita. Usiponiletea daktari wa kumwangalia, kesho naegesha lori la maziwa kwenye kivuli chako, na silitoi."

Sisi viongozi tunafundishwa kusikiliza familia. Daktari niliyempigia simu alikuwa mpya, Daktari Wijeratne, mama mfupi aliyetoka Sri Lanka kuja kutuhudumia sisi huku mashambani. Njia zake za kazi ni za ajabu. Alikuja mwenyewe. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Mzee Vern, akamshika mkono, akaanza kumuuliza mambo yasiyohusiana kabisa na utulivu: meno yanamsumbua, anapata choo, anasikia vizuri, anaumwa wapi. Mzee hakujibu, lakini alipoguswa goti alikunja uso. Kumbe lile goti lilikuwa limevimba tangu enzi za kutembeatembea. Daktari akamwandikia dawa ya maumivu ya goti, akaagiza kile kidonge kipunguzwe kidogo kidogo, kisikatwe ghafla, na wauguzi wamtazame kila hatua. Nilikubali mara moja. Msimu wa kupima kelele ulikuwa umekwisha na Kombe lilikuwa letu, kwa hiyo sikuona hasara.

Wiki zilizofuata niliona dalili za kuzorota. Kwanza mzee aliinua kidole. Kisha akainua kichwa na kuanza kufuata watu kwa macho. Akajifuta mdomo mwenyewe. Nesi Sina Leavasa, Msamoa mwenye mabega mapana anayeongoza zamu ya mchana, akamsimamisha na kumtembeza bustanini huku akimwimbia nyimbo za kanisani kwao. Kila Alhamisi Joss alikuja na kuketi kando yake. Mzee alikuwa akimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu uliyepanda naye treni. Neno hakutoa. Joss alikuwa akiondoka macho yamemwiva, nami nikimfungulia mlango, kwa sababu mlango wetu una namba za siri na yeye huzisahau akiwa na huzuni.

Basi ikafika siku ya kukabidhiwa Kombe. Ilikuwa Alhamisi ya majira ya kuchipua, miti ya miwati imechanua maua ya manjano barabara nzima. Mheshimiwa Ainslie-Moffat alikuja kwa gari kutoka Melbourne akiwa na tai ya hariri na chupa kubwa ya maji aliyokuwa akiinywa njia nzima kwa ushauri wa mkufunzi wake wa afya. Tukamkaribisha kwa vikombe vitatu vya chai. Alikuwepo pia mpiga picha wa gazeti la mji, kijana wa ukoo wa wafuga ng'ombe. Na katikati ya ukumbi, kimefunikwa kwa shuka, kilikuwepo kitu ambacho Mheshimiwa alikiita zawadi ya kihistoria.

Akavuta shuka. Kilikuwa kiti. Kiti kikubwa cha ngozi ya kahawia, ambacho ukikikalia mgongo unalala, miguu inanyanyuliwa juu, na wewe unabaki humo chali. Hakina mpini wala kitufe kwa aliyeketi. Kinaendeshwa kwa rimoti, na rimoti anakaa nayo Meneja wa Utulivu. Mheshimiwa akanikabidhi rimoti hiyo mbele ya kamera, nikaitia mfukoni, na nakiri nilisisimka.

Kisha akatoa hotuba. Alisema Karrabeen ni mfano kwa taifa. Alisema kuanzia Jumatatu anazindua Mpango wa Utulivu Kamili, ambapo kila mkaazi atakayesikika akisema "nataka kwenda nyumbani" atapewa kidonge hapo hapo, bila kumsumbua daktari kuja. Alisema, akimwelekeza mkono Mzee Vern, kwamba anamwona pale mzee aliyetulia kuliko wote, na kwamba angependa nyumba nzima iwe hivyo. Akaniuliza mzee huyo anapewa kiasi gani. Nikasema kimepunguzwa, Mheshimiwa. Akasema kirudishwe leo hii, tena kiongezwe, ili tusipoteze mafanikio.

Nyuma ya ukumbi Joss alisimama. Nesi Sina alimshika bega. Nikapiga makofi peke yangu, nikatazama juu, nikaona taa ni ya kijani, nikajua wote wamekubali.

Nadhani Mzee Vern naye alikuwa akitazama. Aliona mali imewekwa katikati. Aliona watu wamejipanga kuizunguka. Aliona bwana mwenye tai anazungumza muda mrefu bila kutaja bei, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi. Akashika fimbo yake ya kutembelea, akainuka taratibu, goti likakubali, akagonga meza.

"Haya, mabwana, sogeeni, sogeeni, tusicheleweshane," akasema. Sauti ilitoka imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, kisha ikafunguka. "Hapa nina moja safi kabisa. Ngozi nzuri, mgongo mpana, miguu minne yote anakanyagia. Nani ananianzia? Keki tano? Tano, nani ana tano? Tano ninayo, kwa Bibi Effie."

Bibi Effie alikuwa amepandisha nyusi moja. Taa ikawa ya njano.

Mheshimiwa akainua mkono kumsimamisha.

"Kumi. Asante, bwana mwenye tai. Kumi ninayo, natafuta kumi na mbili."

Bibi Effie akagusa hereni. Mheshimiwa akatikisa kichwa kuonyesha hapana, jambo ambalo kwenye mnada wetu halina maana ya hapana hata kidogo. Kumi na tano. Akanigeukia na kunipungia mkono nifanye kitu. Kumi na nane. Ukumbi mzima ulikuwa umeamka. Wazee ambao sikuwahi kuwaona wakifungua macho baada ya chakula walikuwa wakikonyeza, wakikohoa kwa makusudi, wakigusa kofia ambazo hawakuzivaa. Mzee Vern hakumkosa hata mmoja. Keki ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano. Balbu nyekundu ikawaka.

Joss alikuwa amesimama nyuma kabisa, machozi yanamtiririka, anajipangusa pua kwa mkono wa shati. Fimbo ya baba yake ikamnyookea.

"Na wewe, Joss mwanangu, kama hununui acha kujikuna pua. Mama yako hana pa kukiweka."

Joss Haldane, mtu anayepitisha lori la maziwa kwenye mafuriko, akakaa chini sakafuni palepale aliposimama. Akawa analia na kucheka pamoja, na Nesi Sina akaketi kando yake kumshikilia. Mimi nilipatwa na kitu machoni, nadhani ni chavua ya miwati. Na niseme wazi kwamba nilifurahi. Nimepekua Mwongozo mzima kutafuta kifungu kinachoniruhusu na sijakiona, lakini nilifurahi sana.

Mzee hakuwa na muda wa kulia. Alikuwa na mali mkononi. "Thelathini na tano ninayo kwa Bibi Effie. Nani ana arobaini? Mara ya kwanza. Mara ya pili."

Mheshimiwa, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia, akainua mkono kutazama saa yake.

"Arobaini! Imeuzwa, kwa bwana mwenye tai." Fimbo ikagonga.

Mheshimiwa akacheka kwa adabu, akasema mzee anafurahisha, sasa tuendelee na ratiba. Hakuna aliyecheka naye. Ukumbi wote ulikuwa ukimtazama kama watu wa Karrabeen wanavyomtazama mtu anayetaka kurudisha mali.

"Umekinunua, kijana," akasema Bibi Effie. Mheshimiwa anakaribia kustaafu, lakini Bibi Effie ana miaka tisini na kitu. "Kwetu hapa mtu anachukua mali yake. Kikalie."

Mpiga picha naye akaunga mkono. Babu yake ndiye aliyemuuzia mchungaji yule fahali, kwa hiyo anaijua mila. "Kalia kidogo, bosi. Nipige moja ya ukurasa wa mbele."

Mheshimiwa aliposikia ukurasa wa mbele, akaketi. Nikabonyeza rimoti kama nilivyoelekezwa. Mgongo ukalala, miguu ikapanda juu, na Bibi Effie akamfunika blanketi mpaka kidevuni na kulichomeka pembeni kwa nguvu za ajabu. Kamera ikalia.

"Basi, vizuri," akasema Mheshimiwa. "Teesdale, nishushe."

Nilishaitoa rimoti mfukoni nilipokumbuka wajibu wangu. Mwongozo wa Utulivu, kifungu cha saba, unasema aliyeketishwa asishushwe mpaka awe ametulia kwa nusu saa mfululizo. Nikamsomea kwa moyo, maana nakijua chote.

"Hicho kifungu nimekiandika mimi."

"Na ni kizuri sana, Mheshimiwa."

Akapaza sauti. Ikanibidi nianze kuhesabu nusu saa upya. Akapiga ngumi kwenye mkono wa kiti, nikaanza upya tena. Akasema nishushe, nishushe, nishushe, ambako kitaalamu ni kurudiarudia neno. Akajaribu kuteremka kwa pembeni, blanketi likamzuia, tai ikamwingia mdomoni. Mzee Vern, aliyekuwa amekaa sasa na kunywa chai, alimtazama kwa jicho la mtu aliyeona mifugo mingi, akamwambia bintiye kwamba huyu hajazoea zizi bado, lakini atazoea.

Uso wa Mheshimiwa ulikuwa umebadilika rangi. Hatimaye akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwenye mkutano wowote: "Nataka kwenda nyumbani."

Bibi Effie akamsogezea biskuti. "Sote, mwanangu," akasema. "Kunywa chai kwanza."

Lakini mimi nilikuwa na sera ya kutekeleza. Mpango wa Utulivu Kamili ulikuwa umezinduliwa muda mfupi tu uliopita, na ingawa ulipaswa kuanza Jumatatu, si desturi yangu kumchelewesha mkubwa. Nikamwashiria Nesi Sina alete kigari cha dawa.

"Mimi sina fadhaa yoyote," akasema Mheshimiwa. "Teesdale, unanijua mimi. Sihitaji kidonge. Nina akili timamu."

"Ndivyo wanavyosema wote," nikamjibu, kwa ile sauti laini tunayofundishwa kwenye semina.

Nesi Sina hakuja na kigari. Alikuja mikono mitupu, akachutama kando ya kiti, akamshika mkono kama Daktari Wijeratne alivyomshika Mzee Vern. "Mzee wangu, unaumwa mahali? Una kiu? Au unataka kwenda chooni?"

Mheshimiwa akafumba macho. Chupa ile ya maji, vikombe vile vitatu vya chai. "Chooni," akanong'ona.

Nikasimama nimepigwa na butwaa. Nimeusoma Mwongozo kuanzia jalada hadi jalada, na swali hilo halimo. Nikabonyeza rimoti. Mheshimiwa alikwenda kwa mwendo wa haraka, akarudi baadaye akiwa ametulia kabisa, anasalimia watu. Nilitazama juu nikaona taa imerudi kijani, bila kidonge, na sikujua niiandike vipi kwenye taarifa.

Jumatatu ilifika bila Mpango. Makao makuu yalisema umeahirishwa hadi utakapotangazwa tena, na bado haujatangazwa. Huenda picha ya ukurasa wa mbele ilichangia, ile ya blanketi na tai mdomoni. Siku chache baadaye likaja gari lenye jokofu kutoka Melbourne likiwa na lamington arobaini, bila salamu. Wazee walisema angalau bwana yule ana heshima ya mnunuzi. Daktari Wijeratne amepitia vidonge vya kila mkaazi. Mmoja bado anakunywa, kwa sababu alikuwa akiona watu wa kutisha na kuteseka kwelikweli, naye anaangaliwa kila mara. Wengine wamepunguziwa polepole. Kombe la Utulivu tunawekea biskuti.

Mimi nimebadilishwa cheo. Sasa ni Meneja wa Sauti, na mshahara ni uleule, ila Alhamisi kivuli changu kinakaliwa na lori la maziwa. Mzee Vern siku nyingine hamjui Joss. Siku nyingine anamwita Maureen. Lakini Alhamisi, fimbo ikishagonga, anamjua, na anamkataza kujikuna pua, na Joss haachi kujikuna.

Alhamisi iliyopita mzee alinitazama kwa muda mrefu, nikiwa nimesimama kando ya birika. Kisha fimbo yake ikaninyookea.

"Haya, hapa kuna dume moja, umri wa kati. Mpole, hasumbui, amezoea kuongozwa. Nani ananianzia? Keki mbili? Moja? Jamani, nusu keki."

Nikanyoosha mgongo na kutabasamu pande zote. Hakuna aliyekonyeza. Inzi alitua kwenye pua ya Bibi Effie, akatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, akapumzika, akarudi. Bibi Effie hakutikisika hata ukope.

"Huyu hana mnunuzi," akasema Mzee Vern. "Mrudisheni zizini. Tutamjaribu tena Alhamisi ijayo."